Highfields: vijana ishirini, miezi minne na kikao cha kila jioni

Nyumba ya Highfields watu waliijua kwa msiba. Iko kwenye vilima vya Sourland, karibu na mji mdogo wa Hopewell, New Jersey, nchini Marekani. Ilijengwa na rubani Charles Lindbergh, na ndani yake, usiku wa tarehe 1 Machi 1932, mwanawe wa miezi 20 aliibwa kitandani. Familia haikurudi kuishi pale. Baadaye nyumba ikaangukia mikononi mwa serikali ya jimbo, na mwaka 1950 ikafunguliwa kwa kazi nyingine kabisa: makao ya wavulana wa miaka 16 na 17 waliotiwa hatiani mahakamani. Hakukuwa na ukuta, seli wala mlinzi mwenye bunduki. Kijana aliyetaka kutoroka angeweza kufungua mlango na kuondoka.

Jaribio hili ndilo lililofungua njia ya kutumia kikundi cha rika kuwarekebisha vijana wakosaji, na programu nyingi zinazofanya hivyo leo, zijue zisijue, zimechota humo. Tunalichambua kwa sababu linajibu swali ambalo kila mlezi wa shule ya maadilisho au borstal hujiuliza. Tunasema samaki mmoja akioza huoza wote. Ukiwaweka pamoja vijana kumi walioharibika, unapata nini zaidi ya genge jipya?

Jibu la Highfields lilikuwa kwamba genge litapatikana upende usipende. Katika kila nyumba ya kurekebishia vijana kuna serikali mbili: ile ya wafanyakazi, yenye kanuni ukutani, na ile ya vijana wenyewe, yenye wababe, vibaraka na wanaoonewa. Ya pili ndiyo inayotawala usiku. Kijana anaweza kumaliza mwaka mzima akimwitikia mwalimu «ndiyo bwana» mchana, na usiku akisoma somo jingine kabisa kwa wenzake. Waanzilishi wa Highfields waliamua kuacha kupigana na serikali hiyo ya pili. Waliifanya ndiyo chombo cha kazi.

Nani aliingia

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Lloyd McCorkle. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amewahi kuendesha vikao vya namna hii kwa wanajeshi waliofungwa kwenye kambi ya Fort Knox, Kentucky. F. Lovell Bixby, aliyekuwa afisa wa jimbo katika mambo ya magereza, ndiye aliyesukuma wazo hilo lijaribiwe kwa vijana. McCorkle alipoondoka, Albert Elias alishika nafasi yake.

Hakimu ndiye aliyempeleka kijana, na hakumpeleka kama mfungwa. Alimweka chini ya probesheni, yaani uangalizi badala ya kifungo, kwa sharti kwamba akae Highfields. Kijana akishindwa kabisa alirudishwa kwa hakimu, na mara nyingi safari ya pili ilikuwa ya kwenda Annandale, gereza la vijana la jimbo hilo. Kila aliyekaa Highfields alilijua hilo. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaolieleza jaribio hili kana kwamba uhuru peke yake ndio uliofanya kazi. Mlango ulikuwa wazi, lakini nyuma ya mlango kulikuwa na Annandale.

Mchujo ulikuwa mkali. Waliowahi kufungwa katika taasisi ya kurekebishia hawakupokelewa, kadhalika wenye ugonjwa mkubwa wa akili, wenye akili pungufu sana, na waliojulikana kwa makosa ya kingono. Idadi ya vijana wote haikuvuka sana 20, na hapo ndipo penye fundisho la kwanza la kiufundi. Ishirini hugawanyika kuwa vikundi viwili vya kumi. Katika kumi kila mmoja atasikika kabla wiki haijaisha, na hakuna pa kujificha. Wakifika kumi na watano, wanne au watano watakaa kimya miezi yote minne na kutoka kama walivyoingia. Wakiwa watano tu, kuna uchovu, na mbabe mmoja anatosha kukitia kikundi mfukoni.

Siku ilivyokwenda

Mchana ulikuwa wa kazi. Vijana walipelekwa kwenye hospitali ya jimbo ya magonjwa ya akili iliyokuwa jirani, Skillman, wakafanya kazi za shamba na kazi nyingine za mikono kwa ujira mdogo wa senti 50 kwa siku. Hawakufundishwa ufundi wala hakukuwa na darasa. Kazi ilikuwa na sababu yake: kijana mvivu, mgomvi au mjanja wa kutega kazi anajionyesha shambani kwa saa nane, na wenzake wanamwona. Jioni hawezi kujieleza vingine. Jumamosi ilikuwa ya kusafisha nyumba na kutoka kidogo mjini, Jumapili ya wageni.

Wafanyakazi walikuwa wachache na kanuni zilizoandikwa zilikuwa chache zaidi. Kijana mgeni akiuliza, «Hapa kunakatazwa nini?» mfanyakazi alimwelekeza kwa vijana wenzake. Kwa nje hilo lilionekana kama uzembe, lakini lilikuwa la makusudi. Orodha ya makatazo humpa kijana mchezo anaoujua tangu shule ya msingi, wa kutafuta mwanya. Pasipo orodha inambidi awaangalie watu.

Kikao

Siku tano kwa wiki, baada ya chakula cha jioni, kila kikundi kilikaa na kiongozi mmoja mtu mzima kwa muda wa saa moja na nusu. Viti viliwekwa duara. Mbinu hiyo Waamerika waliipa jina linaloweza kuelezwa kama mazungumzo ya kikundi yenye mwongozo, na maneno mawili ya mwisho yana uzito. Kiongozi hatoi hotuba, lakini pia si mtazamaji.

Kikundi kipya hupita njia ile ile karibu kila mara. Kwanza ni malalamiko: chakula kibaya, kazi nyingi, fulani anapendelewa. Wiki hizi vijana wanampima kiongozi. Wanataka kuona kama atajitetea, atakasirika, au ataenda kumwambia mpishi abadilishe chakula. Akifanya lolote kati ya hayo, wamempata. Kisha huja hadithi za makosa, na hapa pana hatari ya kwanza ambayo tutairudia. Baada ya hapo, kikundi kikishikwa vizuri, hadithi hugeuka kuwa maswali: kwa nini ulirudi tena? Nani alikuwa nyumbani? Ukitoka leo, saa kumi jioni utakuwa wapi? Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Mfano ufuatao si kisa cha kijana fulani. Unaonyesha tu namna mazungumzo yanavyokwenda. Kijana wa wiki ya pili, aliyeshtakiwa kwa wizi wa gari, anasema: «Mimi nilikuwa nimekaa tu kiti cha nyuma. Walioiba ni wengine.» Kiongozi hasemi kitu. Anayeingia ni kijana wa mwezi wa tatu.

«Ulijua gari si lao?»

«Nilijua.»

«Ulipanda mara ngapi?»

Kimya.

«Mara ngapi?»

«Nne.»

«Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, kwamba nimekaa tu.»

Angalia sentensi ya mwisho, maana bila hiyo yaliyotangulia yangekuwa mahojiano ya polisi. Mtu mzima akiuliza maswali yale yale, kijana anasikia mahubiri na kufunga masikio. Anayemuuliza hapa alitumia uongo huohuo miezi miwili iliyopita, anaujua kona zote, na anaukubali kuwa ulikuwa wake. Kijana hawezi kumwambia, «Wewe hujui maisha yetu.»

Kazi ya kiongozi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Akiulizwa swali, analirudisha kwa kikundi: «Nyie mnaonaje?» Kikundi kikinyamaza, ananyamaza nacho, hata dakika mbili tatu. Kwa anayeanza, dakika hizo ni ndefu kama usiku wa mgonjwa, na kosa la wengi ni kuzijaza kwa maneno yao. Wanapomshambulia mmoja, anauliza swali moja tu, linalowageuzia kibao: «Hayo mnayomfanyia yanamsaidia nini?» Mwisho wa kikao anachukua dakika kumi hivi kueleza alichokiona: nani alisaidia, nani alikwepa, wapi walikaribia jambo la kweli wakaliacha. Muhtasari huo si wa adabu tu. Ndio unaowafundisha vijana kusikiliza, kwa sababu kesho yake wanaanza kuyaona wenyewe kabla hajayasema.

Kikundi kilikuwa na sauti katika kuamua kama mwenzao yuko tayari kutoka, lakini kauli ya mwisho ilibaki kwa mkurugenzi. Kwa maoni yetu hili halina mjadala. Kikundi kipewe jukumu la kusaidia, kisipewe kamwe mamlaka ya kuadhibu. Siku kijana anapopata ruhusa ya kumnyima mwenzake chakula, kumpangia kazi ya ziada au kumshika kwa nguvu, umerudisha ule utawala wa usiku, safari hii kwa muhuri wa ofisi.

Jambo la mwisho la mpangilio ni kupishana. Kijana mmoja au wawili huingia, mmoja au wawili hutoka, kwa hiyo siku yoyote ile kuna wa wiki ya kwanza, wa mwezi wa pili na wa mwezi wa nne. Wale wa zamani ndio wanaobeba desturi. Ukifungua nyumba kwa kuingiza vijana 20 siku moja, hakuna wa kuibeba, na kitakachozaliwa ni desturi ya mbabe aliyefika naye amejaa mambo ya mtaani. Anza na wanne au watano, waongeze wawili wawili, na usiongeze hadi uone waliopo wanawaelekeza wageni bila kuambiwa. Kwa kawaida hili huchukua miezi, na wafadhili hawalipendi.

Takwimu zilisema nini

Mtafiti H. Ashley Weeks aliwafuatilia vijana wa Highfields na kuwalinganisha na wa Annandale, akachapisha matokeo mwaka 1958. Asilimia 63 ya vijana wa Highfields hawakurudia makosa, dhidi ya 47 ya Annandale. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana weusi kuliko kwa weupe. Na wa Highfields walikaa miezi minne tu, wakati wa Annandale walikaa karibu mwaka, kwa hiyo hata kama matokeo yangelingana, gharama na muda wa kijana vingekuwa vimeokolewa.

Ila takwimu hizi lazima zisomwe kwa makini. Vijana hawakugawanywa kwa kura. Mahakimu ndio waliochagua nani aende wapi, na hakimu mwenye busara humpeleka mahali pazuri yule anayemwona bado ana tumaini. Weeks alijitahidi kusawazisha tofauti za vikundi viwili kwa hesabu, lakini macho ya hakimu hayaingii yote kwenye hesabu. Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Majaribio ya maandishi ya kupima mitazamo ya vijana, kuhusu sheria, familia na kadhalika, hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Waliacha kuiba bila majibu yao kwenye karatasi kubadilika. Tunavyoona sisi, hilo linaonya juu ya karatasi zaidi ya kuonya juu ya kikundi: anayetathmini programu yake kwa kuwauliza vijana wanajisikiaje hapimi kitu cha kutegemea.

Uchunguzi wa baadaye wa Frank Scarpitti na Richard Stephenson ulipunguza furaha zaidi. Walioacha makosa kwa wingi kuliko wote walikuwa wale waliobaki nyumbani kwa probesheni ya kawaida. Hao walikuwa na makosa mepesi tangu mwanzo, ndiyo, lakini ujumbe kwa anayepanga programu uko palepale: kijana ambaye angeweza kubaki kwao chini ya afisa probesheni hana haja ya kuingizwa kwenye duara la wakosaji wenzake. Kumwingiza kunaweza kumdhuru.

Kicheko

Kudhurika huko si dhana tu. Mwaka 1999 watafiti Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walikusanya ushahidi wa programu za vikundi vya vijana zilizoacha vijana wakiwa wabaya kuliko walivyoingia. Mmoja ulitoka kwenye mradi wa Cambridge na Somerville, Massachusetts, ulioanza mwaka 1939. Wavulana waliosaidiwa na mradi huo, na zaidi wale waliopelekwa kambi za likizo mara kwa mara, walifika utu uzima wakiwa na matatizo zaidi ya wenzao ambao hawakupata msaada wowote.

Dishion alikwenda karibu zaidi na chanzo. Aliwarekodi kwa video wavulana wawili wawili, kijana na rafiki yake, wakizungumza kwa dakika 25. Kisha akahesabu nini kilifuata kila mmoja alipotaja jambo la kuvunja sheria. Kwa baadhi ya jozi hakikufuata kitu, mazungumzo yakahamia kwingine. Kwa wengine kilifuata kicheko. Jozi za kicheko ndizo zilizoendelea kuharibika. Kicheko kile ni mshahara, hulipwa papo hapo, na hakuna mtu mzima mwenye ujira wa kushindana nacho.

Kwa hiyo ile hatua ya hadithi za makosa tuliyoitaja inahitaji masikio. Kijana anayesimulia jinsi alivyomkimbia polisi, na duara likacheka, anafundisha. Kiongozi asikatize kwa hasira, maana hasira yake nayo ni sehemu ya burudani. Anauliza kilichoachwa nje ya hadithi: aliyeibiwa alikuwa nani? Mama alikujaje kituoni, kwa miguu au kwa gari? Swali la pili la aina hiyo kwa kawaida linatosha kuua kicheko, na mwenye hadithi huonekana kubadilika hata namna ya kukaa. Na dakika ambazo hazina kiongozi, njiani kwenda kazini, bafuni, kabla ya kulala, ndizo nyingi. Kikao cha dakika 90 hakiwezi kufidia saa kumi za kicheko. Usimamizi wa saa hizo ni sehemu ya tiba, usiachwe kuwa kazi ya mlinzi wa zamu.

Harry Vorrath, aliyejifunzia Highfields, aliipeleka mbinu hii mbali zaidi. Akishirikiana na Larry Brendtro aliipanga upya kwa kuipa kikao ratiba isiyobadilika: kila mmoja anataja shida yake ya siku hiyo, kikundi kinakubaliana nani apewe kikao, muda mrefu unatumika kwa shida yake, kiongozi anafunga kwa muhtasari. Walitumia orodha fupi ya majina ya shida, kama kukasirika upesi, kupotoshwa kirahisi, kupotosha wengine, kusema uongo, kujifanya mgumu. Orodha ilisaidia vijana wasio na maneno. Lakini mahali ilipotumiwa bila moyo ikageuka rungu: «Shida yako ni uongo» ikawa njia ya kumfunga mwenzako mdomo. Ukisikia vijana wanatupiana majina hayo nje ya kikao, kuna kitu kimeharibika.

Pengo jingine liligunduliwa na John Gibbs na wenzake huko Ohio. Waliona vijana wanataka kusaidiana kweli lakini hawajui jinsi. Unaweza kuwa na nia njema kwa mwenzako mwenye hasira, lakini kama nawe hujui kutuliza hasira utampa nini? Wakaongeza masomo mafupi kati ya vikao: kudhibiti hasira, kuzungumza na mtu mliyegombana, kupima jambo la haki na lisilo haki. Katika jaribio lao la kwanza, la vijana 57 tu, baada ya miezi 12 waliorudia makosa walikuwa asilimia 15, dhidi ya takriban 40 kwa wasiopata programu. Idadi ni ndogo, lakini safari hii mgawanyo ulikuwa wa kura.

Walikorudi

Udhaifu mkubwa wa Highfields ulikuwa siku ya kutoka. Kijana aliyezungukwa na duara kwa miezi minne alishushwa mtaani kwao, kwenye kijiwe kilekile, mikononi mwa afisa probesheni mmoja mwenye mafaili tele. Wenzake wa duara walikuwa wametawanyika katika miji yao. Yote waliyojenga yalijengwa porini Hopewell, na sasa yalitakiwa kusimama Newark, jiji kubwa la jimbo hilo.

New Jersey yenyewe ilijaribu kulijibu hilo kwa kufungua kituo cha Essexfields ndani ya Newark. Kazi ya mchana ilibaki, kikao cha jioni kilibaki, vikundi vikabaki vya kumi hivi. Kilichobadilika ni kitanda: usiku kila kijana alirudi kulala kwao. Gharama ya malazi ikaondoka. Na aliyekutana na wenzake wa zamani kona ya mtaa wakati akirudi nyumbani alikuwa na kikao kesho yake jioni, mbele ya vijana tisa waliojua kona hiyo iko wapi na nani hukaa pale.